Nani Anayechezea Chakula?

Jumapili ya kwanza ya Desemba bi mkubwa wangu alipiga simu ya video kutoka Tanga, akatukuta huku Hamburg tumejaa unga mpaka viwikoni. Binti yangu wa miaka 8 aliipokea, akaizungusha simu juu ya meza ili bibi yake aone: vipande sita vya biskuti ya tangawizi vimelazwa juu ya taulo, bakuli la sukari nyeupe iliyopigwa ikawa povu zito, na mdogo wake wa miaka 5 mwenye ute wa yai shavuni.

"Bibi, shikamoo! Tunajenga nyumba!"

"Marahaba. Kwa biskuti?"

"Kwa biskuti. Halafu tunaweka pipi juu ya paa."

Bibi alinyamaza kidogo, akaomba apewe baba yao. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, ili wajukuu wasisikie, "wewe nimekulea nikikwambia chakula hakichezewi. Leo unawafundisha wanao kukichezea?"

Sikumjibu siku ile. Mama hajibiwi papo kwa papo, na neno lake halikuwa jepesi. Tena si lake peke yake. Nimelisikia kwa wazazi wengi wa kwetu, walio nyumbani na walio ughaibuni, kila wanapoona watoto wa Ulaya wakibandika pipi kwenye ukuta wa biskuti: huo ni mchezo wa watu walioshiba. Nimelipima neno hilo miezi kadhaa sasa, na ninaona linamkamata asiye mwizi. Chakula kinachezewa kweli katika nyumba hizi, lakini anayekichezea si mtoto anayeukanda unga, akauoka, akaujenga, kisha akaila nyumba yake.

Tuanze kwa kumpa bi mkubwa haki yake. Kizazi chake kinaijua njaa kwa mwaka. Kiliona ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kikala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikapanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Mtu aliyewahi kusimama juani nusu siku kwa ajili ya kilo moja ya sukari hawezi kuitazama kilo kama hiyo ikipakwa juu ya paa akatabasamu. Anaposema chakula hakichezewi, hafundishi adabu ya mezani tu. Anakumbuka.

Lakini tuangalie nyumba yenyewe ilikozaliwa. Wajerumani wengi huiita nyumba ya mchawi, kwa sababu ya hadithi ya Hänsel na Gretel, ambayo ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha mwaka 1812. Siku hizi watu huikumbuka kwa pipi zake, wakasahau inavyoanza. Inaanza na mkata kuni fukara. Nchi imeingia kwenye ughali mkubwa, mkate wa kesho haupo, na mama anamshawishi mumewe wawapeleke watoto msituni wakawaache huko, midomo ipungue. Katika toleo lile la kwanza ni mama mzazi. Mama wa kambo aliingizwa katika matoleo ya baadaye. Mvulana anadondosha makombo ya mkate ili yamwonyeshe njia ya kurudi. Ndege wanayala, njia inapotea. Siku ya tatu, wakiwa hoi kwa njaa, watoto wanaiona nyumba. Wala haina tangawizi: kuta zake ni za mkate, paa lake ni la keki, madirisha yake ni ya sukari.

Mtoto aliyeshiba haoti nyumba ya mkate. Hiyo ni ndoto ya tumbo tupu, na waliosimuliana hadithi hiyo walikuwa watu wa aina ya bi mkubwa wangu, waliojua unga ukiadimika kinatokea nini ndani ya nyumba. Na kama hadithi hiyo inamlaumu mtu kwa kuchezea chakula, haiwalaumu watoto waliolivunja paa wakala. Mkate uliopotea bure ni ule uliomwagwa njiani. Na aliyekitumia chakula vibaya kuliko wote ni mwenye nyumba, yule mchawi, kwa kuwa yeye haili. Ameijenga iwe chambo, ipendeze machoni, basi. Hapo ndipo ninapotaka tuweke mpaka. Swali si kama chakula kimepewa umbo la nyumba. Swali ni kama kilikusudiwa kuliwa.

Jikoni kwetu kazi ilianza siku mbili kabla ya simu ya bibi. Ijumaa jioni binti yangu alisimama mbele ya mizani akapima: unga wa ngano gramu 500, asali 250, siagi 100, sukari 100. Yai moja. Vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, robo ya karafuu, robo ya iliki. Magadi kidogo sana, ya kushika kwa ncha ya kisu, maana unga ukiumuka kupita kiasi kuta hupinda. Asali na siagi zikayeyushwa pamoja, zikaingia kwenye unga, na donge likafungwa likalala kwenye friji mpaka asubuhi. Mdogo wake aliamka mara mbili usiku kuuliza kama limeshalala vya kutosha.

Jumamosi tulisukuma kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa milimita 6, tukakata kwa kufuata vipande vya kadibodi, tukaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika kama 12. Biskuti hutoka kwenye oveni ikiwa laini na imetanuka kidogo. Hapohapo unairudishia kadibodi juu yake na kukata kingo upya zinyooke. Ukichelewa dakika chache inapoa, inakakamaa, na kisu hakiikati tena bali kinaivunja. Vikato vya kingo vililiwa vingali na joto. Hakuna hata kimoja kilichofika kwenye pipa la taka.

Kadibodi zile alizichora binti mwenyewe. Ukuta wa pembeni aliupa sentimita 14, paa akalipa 15, akaridhika kwamba limezidi. Hakuhesabu unene wa kuta za mbele na nyuma, ambazo husimama kwa nje, milimita 6 kila mmoja. Nyumba ikawa na urefu wa sentimita 15.2, na paa likapungua milimita 2. Kosa hilo niliuona mwanzo wake tangu Ijumaa, nikauma ulimi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi, na aliwahi kuniacha nijenge ukuta wa banda la kuku ukiwa umepinda, ili siku ya kuubomoa nijue timazi ni ya kazi gani. Binti aligundua mwenyewe Jumapili mchana, kuta zikiwa zimesimama. Alishika kichwa, akachukua rula, akapima tena mara tatu kama rula ndiyo iliyomdanganya. Kisha akanyamaza, akasema, "Baba, ukuta una unene." Miaka yote ya shule sikuwahi kumsikia akisema kitu cha hesabu kwa uzito ule.

Saruji ya nyumba hii ni ute wa yai moja na sukari ya unga gramu 250 hivi, ipigwe mpaka ukiinua kijiko isidondoke. Kwa kuwa watoto wataila, ni salama zaidi kutumia ute uliokaushwa na kupashwa joto kiwandani, maana ute mbichi unaweza kuwa na vijidudu. Kuta hushikizwa kwa vikombe vya chai pande zote, na paa haliwekwi mpaka zikauke kwa saa kadhaa. Wapo wanaogandisha kwa sukari iliyoyeyushwa motoni. Inashika upesi, lakini ikimwangukia mtoto inamng'ang'ania ngozini na kumuunguza kuliko maji ya moto, kwa hiyo kwetu ni marufuku. Kona moja ya nyuma ilibaki na ufa mwembamba. Niliambiwa hauonekani. Paa lilipowekwa, uzito wake ukazisukuma kuta nje, ufa ukafunguka, ukuta ukalala chini na vikombe vyake. Methali ya ufa na ukuta mimi niliikariri darasani bila kuwahi kushika mwiko wa saruji. Wao waliiona kwa macho, na wakaungoja ukuta ukauke kwa saa tatu nyingine.

Je, huku ndiko kuchezea? Mtoto anayeubonyezabonyeza ugali kwa kidole mpaka upoe, kisha akauacha, huyo anachezea. Anakishika chakula asichokijua kilikotoka, na hana habari kinakokwenda. Mtoto aliyepima kila gramu, akangoja usiku kucha, akaona ukuta ukianguka kwa uzembe wake, anajua nyumba hii imemeza unga kiasi gani. Ukitaka kumfundisha mtu thamani ya mkate, huna njia fupi kuliko hiyo.

Tena jikoni kwa bi mkubwa mwenyewe umbo halikuwa jambo la mzaha. Ni yeye aliyenikalisha kibarazani usiku wa kuamkia sikukuu nikunje sambusa, pembe zikutane bila tundu. Yenye tundu ilirudi kwangu niikunje upya, kwa sababu ikiingia kwenye mafuta nyama inamwagika. Hakuniambia ninachezea chakula. Na tulipokuwa wadogo zaidi tulipika mchanga kwenye vifuu tukaugawa kwa wageni wa kufikirika, wala hakuna mkubwa aliyetukemea, kwa vile kila mtu alijua tunajifunza nini. Watoto wangu wamefanya vivyo hivyo, ila mchanga wao ni unga, na makosa yao yana bei.

Wapo wanaoyakubali yote hayo, kisha wakasema: basi nunua boksi, ya nini kujitesa siku tatu? Kuanzia Novemba maduka ya huku huyapanga mabunda kwa mabunda. Ndani kuna kuta zilizookwa tayari, sukari ndani ya mfuko wake, na pipi zilizohesabiwa. Nusu saa, nyumba imesimama. Nakiri tulilinunua mwaka uliotangulia. Nyumba ilinyooka kuliko yetu ya sasa. Watoto walinyofoa pipi kwa siku mbili, na hakuna aliyegusa ukuta, kwa maana ulikuwa mgumu kama kigae na harufu yake ilikuwa ya kadibodi. Ikakaa dirishani ikikusanya vumbi hadi Machi, siku nilipoitia kwenye mfuko wa taka nikaishusha ngazi kama mtu anayeficha kitu.

Siku ile ndiyo bi mkubwa angepaswa kupiga simu. Ngano ililimwa, ikasagwa, ikaokwa, ikasafirishwa, na hakuna hata mmoja katika msururu ule aliyetarajia iingie mdomoni mwa mtu. Hapo nyumba ya mchawi imerudi kama ilivyokuwa kwenye hadithi: inavuta macho, hailishi. Na mtoto amejifunza jambo moja tu, kubandika.

Jirani wa boksi ni mzazi anayeoka nyumbani lakini anamnyang'anya mtoto kisu ili nyumba ifanane na ya kwenye picha. Mashindano ya watu wazima yana mahali pake. Asheville, kule North Carolina, wanashindanisha nyumba hizi tangu 1992, na ni sanaa halali. Lakini meza yenye watoto si uwanja wa mashindano. Mfano ninaoupenda mimi uko Bergen, Norway, ambako tangu 1991 watoto wa chekechea, shule na familia huoka nyumba zao na kuziunganisha ziwe mji mzima wa biskuti. Nyumba iliyoinama husimama kando ya iliyonyooka. Mwaka 2009 mtu aliingia akaubomoa mji ule kabla ya Krismasi. Watu wa Bergen walirudi kwenye oveni zao, ukasimama tena msimu uleule. Waliweza kwa sababu kila aliyebomolewa alijua kuoka.

Linabaki neno la uzungu, kwamba mchezo huu si wetu. Sitadai kwamba nyumba hii ni yetu. Ni ya Wajerumani na jirani zao wa kaskazini, na watoto wanaokulia Hamburg wana haki ya kuijua kama wanavyojua kula pilau. Lakini inuse. Waokaji wa mikate ya asali na viungo wanatajwa katika mji wa Nürnberg tangu karne ya 14. Asali waliipata kwenye msitu uliouzunguka mji, viungo vikawafikia kwa njia ndefu za biashara kutoka Mashariki. Jina moja la zamani la mkate huo kwa Kijerumani maana yake ni keki ya pilipili, kwa vile pilipili ilikuwa jina la jumla la kila kikolezo kilichotoka mbali. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Katika karne ya 19 ikastawi Unguja na Pemba, ikichumwa na watumwa, na visiwa hivyo vikawa wauzaji wake wakubwa duniani. Kampuni ya O'Swald ya hapahapa Hamburg ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zikatia saini mkataba na Sultani. Ile robo kijiko aliyoipima binti yangu ina historia hiyo, tamu na chungu. Harufu iliyojaa jikoni mwetu Jumamosi ile bi mkubwa angeitambua kabla hajafungua mlango.

Mahali ambapo wakosoaji wameshinda, napakiri waziwazi: nyumba isiyovunjwa ni uharibifu, hata kama imeokwa nyumbani kwa upendo wote. Waswidi wameliwekea jambo hili tarehe. Tarehe 13 Januari, siku ya Knut, watoto huuvua mti wa Krismasi mapambo yake, huivunja nyumba ya biskuti, na kuila. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipendekeza kwa mzazi yeyote: panga siku ya kuvunja kabla hujapanga siku ya kujenga. Mla ni mla leo.

Anayeishi pwani hahitaji hata kalenda. Mdogo wangu wa kike aliyeko Tanga aliiona yetu kwenye simu, akaoka yake na wanawe Desemba hiyohiyo. Jioni paa lilianza kuinama katikati kama godoro la zamani. Asubuhi lilikuwa limelala kifudifudi sebuleni, laini kama mkate. Akanipigia akidhani amekosea vipimo. Hakukosea. Asali na sukari hunyonya unyevu wa hewa. Huku kwetu majira ya baridi mitambo ya kupashia nyumba joto huikausha hewa, biskuti ikasimama wiki kadhaa, na kule hewa ya bahari haiiachii hata usiku mmoja. Nilimshauri mara nyingine apunguze asali aongeze sukari, na vipande vikishaiva avirudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa nusu saa vikauke. Kisha ajenge asubuhi, wale jioni. "Kwa hiyo kazi yote ile kwa siku moja?" akauliza. Ndiyo, kama ilivyo kwa pilau ya Idi, na hakuna anayeililia pilau kwa kuwa haikukaa dirishani mwezi mzima.

Sisi hatukuingoja siku ya Knut. Tuliivunja siku ya mwaka mpya, saa kumi jioni, kwa kifimbo kilekile kilichousukuma unga. Kuta zilikuwa zimekauka, tukazichovya kwenye chai. Bi mkubwa alikuwa kwenye simu, ameegemezwa kwenye birika ili aone vizuri. Alitazama mpaka paa likakatika vipande viwili.

"Lile paa lilikuwa fupi," akasema. Mjane wa fundi. "Mvua ingeingia."

"Tunajua, bibi," binti akajibu. "Ukuta una unene."

Bibi akatikisa kichwa polepole, nikadhani ndiyo hukumu. Kumbe alikuwa anahesabu vipande. "Na jirani," akauliza, "mmempelekea?"

Hatukuwa tumempelekea. Katika hoja zangu zote za wiki zile sikuwa nimelifikia swali hilo, na ndilo lililokuwa kipimo chake tangu mwanzo: chakula kinaheshimiwa kikigawanywa. Binti akachukua sahani, akapanga mlango wa mbele, dirisha moja, na nusu ya paa fupi. Akateremka nayo ghorofa mbili hadi kwa bibi mmoja wa Kijerumani anayeishi peke yake, ambaye tangu tuhamie tulikuwa tukisalimiana naye kwenye ngazi tu. Alikawia. Aliporudi, bibi wa Tanga alikuwa bado hajakata simu. Alitaka aonyeshwe sahani.

Ilikuwa imejaa machungwa.